Mgeni wa Vyuma Hana Haja ya Siku ya Kifua

Ratiba ni ileile karibu kila jimu, iwe ya vioo na viyoyozi kule Masaki au ya uani Manzese, ambako vyuma ni ekseli za magari na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Jumatatu kifua. Jumanne mgongo. Jumatano mabega. Alhamisi mikono. Ijumaa miguu, kwa wanaofika Ijumaa. Kijana aliyejiunga juzi anapewa ratiba hiyo siku ya kwanza, mara nyingi kwa mdomo tu, na anayempa ni kaka mwenye kifua kipana aliyeanza kunyanyua miaka mingi iliyopita. Haulizwi anafanya kazi gani, analala saa ngapi, wala kama amewahi kuchuchumaa akiwa na uzito mabegani. Anaambiwa alale kwenye benchi asukume mpaka mikono itetemeke, kisha kesho arudi na kiungo kingine.

Ratiba hiyo haimfai anayeanza. Inampotezea kipindi ambacho mwili wake uko tayari kubadilika upesi kuliko utakavyokuwa tena maishani. Mgeni anahitaji kuufanyisha kazi mwili mzima mara tatu kwa wiki, kwa mazoezi machache makubwa, akiongeza uzito kidogo kidogo na kuandika kila alichofanya. Najua nasema hivyo nikipingana na karibu kila mtu anayeheshimika jimuni. Kwa hiyo nitazichukua hoja zao moja baada ya nyingine, maana wanaozitoa wana nia njema na miili yao inawapa haki ya kusikilizwa.

Hoja ya kwanza, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote mitaani, ni kwamba mabingwa ndivyo wanavyofanya. Picha zao ziko ukutani, ratiba zao ziko kwenye simu ya kila kijana. Kama njia hiyo imemfikisha mtu kwenye taji la dunia, nani aikatae?

Swali la kumuuliza bingwa ni alifanya nini mwaka wake wa kwanza. Reg Park wa Leeds, Uingereza, alitwaa taji la Mr. Universe mwaka 1951, akalirudia 1958 na 1965. Alipoandika mwongozo wake wa kujenga nguvu na mwili mwaka 1960, aliwaelekeza wanaoanza wafanye mazoezi siku tatu kwa wiki, mwili mzima, wakitegemea skwati (kuchuchumaa na uzito mabegani), kusukuma chuma kwenye benchi na kuinua chuma kutoka sakafuni, seti tano za marudio matano. Steve Reeves, Mr. America wa 1947, alijulikana kwa utaratibu huohuo wa mwili mzima siku tatu. Arnold Schwarzenegger, ambaye amesema mara nyingi kwamba Park ndiye aliyekuwa kioo chake cha ujanani, alikuwa na miaka kadhaa ya kunyanyua vyuma vizito nchini Austria kabla magazeti ya California hayajaanza kuchapisha ratiba yake ya siku sita. Na hata katika ratiba hiyo, msuli mmoja haukusubiri wiki nzima; aliurudia mara mbili au tatu ndani ya wiki. Kijana anayeiga siku sita za Arnold kwa kugusa kila kiungo mara moja amebeba uchovu wa ratiba ile na kuiacha faida yake.

Kuna jambo jingine la kusemwa wazi. Mwaka 1958 kampuni ya dawa ya Ciba iliingiza sokoni Marekani vidonge vya Dianabol, homoni ya kutengenezwa inayofanana na ile ya kiume, na katika miaka iliyofuata dawa za aina hiyo zikaenea miongoni mwa watunisha misuli. Schwarzenegger mwenyewe amekiri hadharani kwamba alizitumia. Mwili wenye dawa hizo unajenga misuli na kupona kwa namna ambayo mwili wa kijana anayekula ugali, maharage na dagaa hauwezi. Unaweza kupigwa seti ishirini na tano za kifua kwa siku moja na bado ukajenga. Anayechukua ratiba na kuacha dawa anabaki na uchovu mtupu. Anayechukua vyote viwili anaweka rehani moyo wake, ini lake na uwezo wake wa kuzaa. Wahenga walishaonya kwamba ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba, na sijui onyo linaloifaa zaidi hali hii.

Hoja ya pili inavaa koti la sayansi. Msuli, wanasema, hukua ukiwa umepumzika. Kwa hiyo ukiupiga Jumatatu, uache hadi Jumatatu ijayo. Nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Nusu ya pili haitokani na ya kwanza.

Baada ya mazoezi mazito, msuli huongeza kasi ya kujitengenezea protini mpya. Kasi hiyo ilipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1995. Saa nne baada ya mazoezi ya mkono, kasi ilikuwa imepanda kwa asilimia 50. Saa 24 baadaye ilikuwa imepanda kwa asilimia 109, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Kufikia saa 36 ilikuwa imekaribia kurudi ilikotoka. Tafiti nyingine zimekuta ongezeko linalodumu hadi siku mbili, hasa kwa wasiozoea. Tuchukue siku mbili kamili. Aliyefanya kifua Jumatatu jioni, Jumatano jioni ujenzi umekwisha. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kifua chake hakina amri yoyote ya kukua. Hizo ni siku nne kati ya saba, kila wiki, mwaka mzima, na yeye anaamini kwamba anapumzika kwa hekima. Anayerudi Jumatano na tena Ijumaa anaitoa amri hiyo upya kila inapokaribia kuzimika, na bado ana siku nzima ya mapumziko katikati.

Tena kukua si habari yote. Katika wiki za mwanzo nguvu za mgeni huongezeka hata kabla misuli haijanenepa, kwa sababu ubongo na neva zinajifunza kuziita kazini nyuzi nyingi zaidi za msuli na kuzipanga zifanye kazi pamoja. Toshio Moritani na Herbert deVries walilionyesha hilo mwaka 1979. Kwa maneno mengine, skwati ni ufundi, na ufundi unataka kurudiwa. Mtoto anayejifunza baiskeli Jumamosi peke yake hujifunza polepole kuliko anayeipanda kila baada ya siku moja. Kwa wiki kumi na mbili, mwenye siku moja ya miguu atakuwa amechuchumaa na chuma mara kumi na mbili. Wa mwili mzima atakuwa amefanya hivyo mara thelathini na sita. Nani kati yao atakuwa na mgongo ulionyooka, visigino vilivyokaa chini na magoti yanayofuata uelekeo wa vidole vya miguu?

Hesabu ya uzito nayo inasema hivyohivyo. Chukua vijana wawili wanaoanza skwati na kilo 30, kila mmoja akiongeza kilo 2.5 kila anapomaliza seti zake bila kuharibu mtindo. Anayefanya mara moja kwa wiki, katika wiki ya nne atakuwa na kilo 37.5. Anayefanya mara tatu, akifika zoezi lake la kumi na mbili, atakuwa na kilo 57.5. Wapo watakaokwama njiani na kurudia uzito uleule mara mbili tatu, na hakuna anayeweza kuongeza namna hiyo daima. Lakini ndiyo maana ya kuwa mgeni: miezi ya mwanzo mwili unakubali nyongeza karibu kila unapoombwa. Anayeuomba mara moja kwa wiki anapata jibu moja kwa wiki.

Hoja ya tatu ni ile ya maumivu. “Kama kesho huwezi kuinua mkono kuchana nywele, ujue umefanya kazi.” Nimeisikia kwa walimu wa jimu wengi mno, na ndiyo inayowafanya vijana waipende siku ya kiungo kimoja, maana hakuna ratiba inayoumiza kama hiyo.

Inaumiza kwa sababu msuli umeachwa ukasahau. Maumivu yanayokuja siku ya pili au ya tatu huwa makali pale mwili unapokutana na kazi usiyoizoea, na hupungua sana kazi ileile inaporudiwa baada ya muda mfupi. Anayesubiri siku saba anaukaribisha ugeni ule kila wiki, kisha anauita maendeleo. Mwaka 2016 watafiti wa Brazili walifuatilia vijana wasio na mazoea ya vyuma kwa wiki kumi. Wakakuta kwamba mwanzoni, msuli ulipokuwa umeharibika zaidi, protini nyingi iliyotengenezwa ilikwenda kukarabati uharibifu. Baadaye, uharibifu ulipopungua, ndipo utengenezaji wa protini ulipoendana na ukubwa wa msuli. Maumivu yalikuwa gharama, na gharama hiyo ilishuka kabla faida haijaonekana.

Wapo pia wanaoumia vibaya kuliko kuchechemea. Mgeni akisukumwa kupita kiasi siku ya kwanza, nyuzi za msuli zinaweza kuvunjika kwa wingi na yaliyomo ndani yake kumwagika kwenye damu hadi figo zikazidiwa. Dalili yake ni misuli kuvimba na kuuma kupita kawaida, na mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Mtu wa namna hiyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Mwalimu anayejisifu kwamba wanafunzi wake hutapika siku ya kwanza hajui anacheza na nini.

Kuhusu wingi wa seti, historia ina funzo zuri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme aliwatibu askari waliojeruhiwa magoti na mapaja katika Hospitali ya Gardiner, Chicago, kwa kuwafanya wanyanyue uzito uliokuwa ukiongezwa hatua kwa hatua. Matokeo aliyatangaza mwaka 1945. Alianza kwa kuwapa seti saba hadi kumi za marudio kumi. Mwaka 1948, akiandika na mwenzake Arthur Watkins, alizipunguza hadi tatu: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anauweza mara kumi, ya pili kwa robo tatu yake, ya tatu kwa uzito wote. Alikuwa ameona kwamba kazi nyingi vile haikuwa ya lazima. Mtu aliyeweka msingi wa mazoezi ya kuongeza uzito duniani alisogea kuelekea uchache, na nguzo aliyobaki nayo ilikuwa moja: uzito uongezeke. Mwaka 2009 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kiliwashauri wanaoanza wafanye mwili mzima siku mbili hadi tatu kwa wiki, marudio 8 hadi 12, seti moja hadi tatu. Zaidi ya miaka sitini iko kati ya ushauri huo na ule wa DeLorme, na umekaa palepale.

Nina hoja yangu ambayo haitoki maabara. Ratiba ya viungo vitano kwa siku tano imetungwa kwa ajili ya mtu asiyekosa siku. Kijana wa kwetu anakosa. Foleni ya Mbagala inamla saa mbili, bosi anamwongezea zamu, kuna msiba, kuna mtihani, umeme umekatika na jimu ni giza. Akikosa Jumanne tu, mgongo wake utakuwa umekaa siku kumi na nne bila kuguswa. Na kwa kuwa miguu iko Ijumaa, siku ya safari, ya ibada na ya kuchoka, miguu ndiyo inayolipa deni kila wiki. Ndiyo maana jimu zetu zimejaa vifua vya simba juu ya miguu ya korongo. Anayefanya mwili mzima akikosa siku moja, wiki yake bado ina mbili, na hakuna kiungo kilichoachwa yatima. Hata mfungo wa Ramadhani hauuvunji mpango wake: anapunguza ziwe siku mbili baada ya futari, anapunguza seti, anashikilia uzito alionao mpaka Idi.

Wanaobisha watasema mwili mzima kwa siku moja unachosha na unachukua saa tatu. Ungechukua saa tatu kama mtu angefanya yote ya wiki nzima kwa siku moja. Hakuna anayeomba hivyo. Jumatatu afanye skwati, kusukuma chuma akiwa kwenye benchi, na kuvuta chuma kuja tumboni akiwa ameinama. Jumatano afanye skwati tena, ainue chuma kutoka sakafuni, asukume chuma juu ya kichwa, ajivute kwenye chuma cha juu, na kama hawezi kujivuta, arukie juu na kushuka taratibu. Ijumaa arudie ya Jumatatu, kisha wiki inayofuata aanze na yale ya Jumatano. Seti tatu za marudio 8 kwa kila zoezi, dakika mbili au tatu za kupumua katikati, dakika kumi za kupasha mwili mwanzoni kwa uzito mwepesi. Saa moja haifiki. Kila seti iishe akiwa bado na marudio mawili ambayo angeyaweza kwa mtindo mzuri. Asiogope kwamba mikono itabaki myembamba: kila anapovuta na kujivuta, mikono yake iko kazini.

Na awe na daftari. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha, na mstari mmoja kwa zoezi unatosha: tarehe, jina la zoezi, kilo, marudio. Skwati, 30, nane nane nane. Siku inayofuata ya skwati, 32.5, nane nane saba. Hapo haongezi, anaurudia uzito uleule mpaka nane ya tatu ipatikane. Akikwama mara tatu mfululizo, anashuka kwa asilimia kumi na kuanza kupanda tena. Mwenye daftari hilo hahitaji kuuliza kama anaendelea; analifungua na kusoma. Mwenye ratiba ya viungo, asiyeandika kitu, ana kioo peke yake, na kioo cha jimu kinamsifu kila aliyetoka kusukuma damu kwenye msuli dakika tano zilizopita.

Nimeambiwa kwamba huu ni ushauri wa jimu za kisasa zenye sahani ndogo za kilo 1.25. Mtaani kopo la zege ni kilo ishirini au halipo. Ni kikwazo cha kweli, na kina majibu mawili. La kwanza ni kupanda kwa marudio kabla ya uzito: kutoka nane hadi kumi na mbili kwa kopo lilelile, ndipo aende kwenye kopo kubwa na kurudi nane. La pili nimeona likitumika: chupa ya maji ya nusu lita, iliyojaa, ina gramu 500. Funga moja kila upande wa chuma kwa utepe wa mpira wa baiskeli, kaza mpaka zisicheze, na umeongeza kilo moja. Lita moja kila upande ni kilo mbili. Njia ya haki ya kuongeza uzito haidai fedha za kigeni.

Wapo wasomi watakaoniletea jibu zito zaidi. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na Brad Schoenfeld na wenzake mwaka 2016 ulionyesha kwamba msuli unaofanyishwa kazi mara mbili kwa wiki hukua zaidi ya unaofanyishwa mara moja. Lakini uchambuzi wao wa 2019 ukasema kwamba kiasi cha kazi ya wiki kikiwa sawa, tofauti ya idadi ya siku ni ndogo. Naukubali. Kwa mtu aliyekomaa, anayeweza kufanya seti kumi na mbili za kifua siku moja na ya mwisho ikafanana na ya kwanza, mgawanyo wa siku ni suala la kupenda. Mgeni hawezi. Kuanzia seti ya tano mgongo wake unainuka kwenye benchi, viwiko vinatanuka, mwenzake anamsaidia kubeba nusu ya uzito. Seti zile zinahesabiwa mdomoni, kwenye msuli hazipo. Ili kiasi cha kazi ya wiki kiwe sawa na kiwe cha maana kwake, lazima akigawe. Baada ya miezi sita au mwaka, nyongeza zikianza kugoma, agawanye mwili juu na chini kwa siku nne kama anataka. Atakuwa na daftari la kumwonyesha kwamba wakati umefika.

Chakula nakipitia upesi, kwa sababu nacho kimevamiwa na wauza poda. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba faida ya kuongeza protini kwa mnyanyua vyuma inafikia ukomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama gramu 104. Mayai manne yana karibu 24, nusu lita ya maziwa 16, sahani nzuri ya maharage 25, kiganja kikubwa cha dagaa wakavu 25 hadi 30, na nafaka alizokula mchana kutwa zinamalizia. Poda inaweza kumfaa asiyepata muda wa kupika. Hakuna anayekosa mwili kwa kuikosa, na hakuna kopo la poda linaloweza kuziba siku nne ambazo kifua chake kimekaa bila kazi.

Kwa dada zetu ninaosikia wakipewa ratiba nyingine kabisa, ya dambeli za rangi ya waridi na marudio mia, neno langu ni hilohilo: mazoezi hayohayo sita, siku hizohizo tatu, daftari hilohilo. Nyuzi za misuli yao zinasikia amri ileile, na mifupa yao inaihitaji zaidi kadiri umri unavyokwenda.

Walimu wa jimu, hili ni lenu. Mnapokea vijana wenye ari ambayo hawatakuwa nayo mara mbili, wengi wamejinyima kulipa ada ya mwezi, na wengi wenu mnawapa ratiba ya mtu mwingine. Wengi wao wanaacha kabla ya mwezi wa tatu, wakiamini kwamba miili yao ndiyo iliyokataa. Iondoeni ratiba ile ukutani kwa wanaoanza. Wafundisheni kuchuchumaa, kusukuma, kuvuta na kuinua kutoka chini. Warudisheni kesho kutwa wafanye tena. Kagueni madaftari yao kila wiki kabla ya kuwaongezea chochote. Mwanafunzi akiwauliza siku ya kifua ni ipi, mwambieni ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, pamoja na mwili wake wote.